Jalada la Bibi

Wiki iliyopita binti yangu aliniomba kikombe kibovu cha kusuuzia brashi. Mwalimu wao amewaagiza wachore jalada la kitabu kwa rangi za maji. Nikampa kile kilichovunjika mkono, nikakaa naye barazani hapa Ihanda, na wewe unayajua mambo haya: maji yalipogeuka rangi ya udongo, mimi sikuwa tena mama wa mtu.

Nilikuwa darasani, benchi zima tukigombea kisanduku kimoja cha rangi. Kijani ndiyo iliyokwisha kwanza, maana nani angechora Karagwe bila migomba? Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa na neno asilochoka nalo: weupe haupakwi, weupe unaachwa. Ukitaka kitu cheupe unazungusha rangi pembeni, karatasi yenyewe inamaliza kazi. Muhula ule tulikusanya hadithi za bibi zetu ili tuzishone kitabu, na kila mmoja achore jalada lenye bibi yake. Lililopendeza kuliko yote lingekaa mbele.

Nilitaka liwe langu. Nililitaka mpaka nikawa mchoyo wa brashi. Bibi yangu alikuwa na hadithi kuliko bibi wote, akizitoa mchana huku akimenya ndizi, maganda yakidondokea jani la mgomba, nasi wajukuu tukifukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa uani. Hadithi haikuisha mpaka chungu kichemke. Hadi leo nikisikia harufu ya ndizi na maharage, nasubiri mtu aendelee kusimulia.

Basi nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, mwalimu anataka nikuchore kwenye jalada."

Kisu kikasimama. "Jalada? Nimemkosea nani?"

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni na kanisani. Jalada alilijua moja tu, lile ambalo mtu hufunguliwa ofisini, akaanza kuulizwa ametoka wapi. Naye alikuwa ametoka Rwanda, mama yangu akiwa mgongoni, na swali hilo alikwisha kulijibu vya kutosha. Hata wapiga picha wa harusi aliwakimbia, akijifanya anachochea moto. Nikamletea kitabu chake cha nyimbo, nikagonga gonga gamba lake: jalada ni hili, bibi. Akatikisa kichwa.

"Chora mlango, mjukuu wangu. Wanaonijua watajua nipo ndani."

Nikachora mlango. Nikachora migomba, kahawa juani na kuku mmoja mwizi. Pale mlangoni, mahali pa bibi, nikaacha karatasi tupu. Mwalimu alilipenda, likawekwa mbele.

Bibi alipoliona limeshonwa, hadithi zake zikiwa ndani, ndipo alipoelewa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akalitazama tena, akaweka kidole pale peupe.

"Na mimi niko wapi?"

"Uko ndani, bibi."

"Basi siku nyingine nichore nimetoka nje."

Hakuyaona masika yaliyofuata.

Tulipomaliza shule mwalimu alinipa kile kitabu nikitunze, na bado ninacho. Nyumba ya bibi haipo, kibanja chake cha migomba kimegawanywa, na siku hizi ndizi zinamenywa huku watu wametazama simu. Siku ile barazani nilimtolea binti yangu akione; alilishika lile jalada, akachovya brashi yake.

"Mama, bibi yako alikuwa na sura gani? Nimchore hapa."

Nikafungua kinywa. Mikono yake naiona, na kisu, na ganda likidondoka. Sauti yake naisikia. Sura haikuja. Hakuna picha yake popote, na mama yangu, ambaye angenikumbusha, naye ametangulia. Nimemkumbuka bibi miaka yote hii bila kujua kwamba alikuwa akinitoka kidogo kidogo.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia.

Akasuuza brashi, akaenda kucheza. Mimi nikabaki barazani na jalada mapajani, nikiutazama ule mlango. Bado uko wazi, na bado hajatoka.