Kompyuta ya Haji na Barua Niliyokataa Kusaini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na kalamu mkononi na barua ya uongo mbele yangu, na mkono wangu ukitaka kutii.

Nilikuwa karani wa Haji Noor, msafirishaji wa mahindi na ngano hapa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja tu. Tuliifunika kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama redio ya sebuleni, na kuingia chumba chake tulivua viatu. Sheria hizo alizitunga meneja. Alitunga na nyingine: ngurumo ikisikika, umeme wote uzimwe kwenye swichi kubwa ya ukutani. Mvua ya alasiri ya huku unaijua, kwa hivyo siku chache zilipita bila mtu kuikimbilia swichi ile.

Alasiri iliyotangulia nilikuwa nanakili draiva mpya ya printa, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa. Ile ya zamani nilikuwa nimeshaifuta. Ngurumo ikapiga upande wa Sugoi, meneja akaja mbio na soksi zake, akazima swichi kabla sijafungua mdomo. Nilimwona. Nilijua kazi yangu imekatwa katikati. Nikanyamaza, nikaenda zangu nyumbani Munyaka, nikalala. Hilo ndilo kosa langu, na sitalificha nyuma ya lake.

Asubuhi kompyuta ikagoma. Iliandika mistari michache kwenye kioo, ikakwama, na ndani yake ndimo ilimokuwa orodha ya malori yote na mizigo ya wiki ile. Meneja akachapa barua kwa taipureta: kwamba mimi, karani, nakiri kuiharibu kompyuta ya ofisi kwa uzembe. Nikisaini, nitafutwa kazi kwa amani. Nikikataa, nitaondoka na polisi. Miaka hiyo watu walisaini kwanza wakasoma baadaye, na wengine hawakusoma kabisa. Nikachukua kalamu.

Hapo akaingia Haji mwenyewe, viatu mkononi. Akaniuliza kama ni mimi niliyeiharibu. Nikasema sijui.

"Sijui ni nini?" akasema. "Gari ikikufa Timboroa, dereva yangu haniambii sijui. Anashuka, anafungua boneti, anaangalia imekufia wapi. Wewe umeshuka?"

Niliona aibu, kisha nikakasirika, na kwa hasira ile namshukuru Mungu hadi leo. Nikaweka kalamu chini. Nikaiwasha kompyuta tena, mara hii nikiisoma badala ya kuiombea. Draiva moja ikajitaja kwenye kioo, ya pili ikajitaja, kisha kimya. Ya tatu kwa mpangilio wa kuwaka, niliyoiweka mwenyewe, ilikuwa ile ya printa. Nikaizima na kuiwasha tena, ikakwama mahali pale pale.

Nikamwomba meneja diski ya kuwashia, aliyoifungia kwenye droo yake. Akakataa, akasema nitaimaliza kompyuta kabisa. Haji alinyoosha mkono tu, ufunguo ukatolewa. Nikaiwasha kompyuta kwa diski ile, nikafungua orodha ya vitu vinavyopakiwa inapowaka, nikafuta mstari mmoja, wa draiva ya printa iliyonakiliwa nusu. Nikatoa diski, nikaiwasha upya. Ikawaka, na malori yote yalikuwa mle ndani. Draiva nikainakili tena, safari hii hadi mwisho.

Meneja akakohoa. Akasema barua bado ipo, niisaini tu iwekwe kwenye faili, tuendelee na kazi.

"Hiyo sisaini," nikamwambia. "Swichi ulizima wewe, bwana meneja, nikiwa katikati ya kazi. Kosa langu ni kunyamaza. Andika hivyo, nitasaini sasa hivi."

Haji akaisoma ile barua, akaikunja, akamsogezea meneja taipureta.

"Andika vile amesema," akamwambia.

Akaandika. Nikaisoma mara mbili, ndipo nikasaini. Meneja hakunisalimia mwaka mzima, na chakula changu kilishuka vizuri tu.

Basi nakuambia, mwanangu, na sikubembelezi. Kitu kikikufia mikononi, usikimbilie kusema hujui. Shuka uangalie kimekwama wapi. Ukikosa, taja kosa lako lote, siku ile ile. Lakini usibebe hata chembe ya kosa la mkubwa wako ili yeye alale usingizi. Watasema una kichwa kigumu. Waache waseme, kichwa ni chako. Mungu akupe macho ya kusoma kabla ya kusaini, na akupe mdomo usiochelewa kama wangu ulivyochelewa.