Chujio la Unga

Mume wangu ni fundi wa mabwawa ya kuogelea, yale madogo ya majumbani, na mtaani wanamwita Chujio. Jina hilo kajitakia mwenyewe. Mkaribishe chai, na kabla haijapoa ameshakueleza kwa nini maji ya bwawa lako yana ukungu, hata kama huna bwawa. Mimi nimezeeka naye na sijui kuogelea.

Siku hizi nafuatana naye kazini kwa sababu hawezi tena kubeba. Mfuko wa spana nabeba mimi, mpira wa maji nabeba mimi, yeye anabeba maneno. Akipanda ngazi mbili tatu husimama, akajifanya anatazama maua ya watu. Nyumbani hali hiyo tuliiita pumu. Yeye ndiye aliyeniambia ni pumu, nami nikamwamini, nikawa namgombeza kila akilala dirisha wazi.

Machujio anayofunga ni ya aina tatu. Lipo la mchanga, ambalo halina makuu: unageuza njia ya maji, mchanga unajiosha, uchafu unatoka na maji mengi yanapotea. Lipo la kitambaa kigumu kilichokunjwakunjwa, unakichomoa na kukiosha kwa mpira. Halafu lipo la unga, na hilo ndilo linalotoa maji maangavu kuliko yote. Unga wenyewe ni mawe yaliyosagwa, mweupe, laini kama poda ya mtoto. Magunia yake yana maandishi ambayo hakuna fundi aliyejisumbua kuyasoma. Wao ndio waliouita unga, na jina likazaa utani. Fundi akisema ana unga kwenye gari, watu wanageuka kutazama kama kuna askari karibu. Mafundi wakilifungua gunia wanasema leo tunapika, wanaumimina kwa mikono mitupu, nyusi zinawageuka nyeupe. Nani amewahi kuogopa unga?

Sasa, alituita mwalimu mmoja mstaafu. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, na daktari alitaka afanye mazoezi ndani ya maji. Nyuma ya nyumba walikuwa na kabwawa kembamba, kameezekwa mabati upande mmoja, chujio lake limekufa. Mwalimu alikuwa ameshaamua: anataka la unga, kama la jirani. Hakuwa anashindana na jirani. Alitueleza kwamba mguu mbovu wa mzee hauna hisia, unaweza kujikunja chini yake asijue. Mara moja maji yalikuwa na ukungu, mguu ukateleza, na alipokuja kugundua, mzee ameshazama mpaka puani. Tangu siku hiyo alikuwa hamwingizi tena majini, na mzee alikuwa anazidi kukakamaa.

Mume wangu ana swali lake ambalo huuliza kabla hajagusa pampu. Akamuuliza, nani atakayelihudumia chujio?

Mwalimu akasema ni yeye. Watoto wako mbali, na mzee ndiyo kama tulivyomwona.

Mume wangu aliegemea pampu. Nilidhani anatafuta pumzi.

"Mwalimu, la unga sikufungii," alisema.

Mwalimu hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba basi atatafuta fundi mwingine, kwa sababu yeye hapa anatafuta uhai wa mtu. Alikuwa na haki. Mume wangu akakaa kwenye ukingo wa bwawa, taratibu, akakohoa mpaka kikohozi kikaisha.

"Huo unga utaumimina wewe kila ukiliosha. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Mimi sina pumu, Mwalimu. Daktari aliniambia ni huo unga, na hauna dawa."

Nilikuwa nimeshika spana. Niliiweka chini polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Mwalimu alinitazama mimi, nadhani alitaka kuuona ukweli kwenye uso wa mke, na alichokiona sijui.

Akauliza, je, akivaa barakoa? Mume wangu akamwambia ataivaa mwanzoni, kisha kuna siku atakuwa na haraka. Akamshauri achukue la kitambaa, tena kubwa kuliko bwawa linavyodai, pampu iende muda mrefu zaidi, na sakafu ipakwe rangi nyeupe ili mguu uonekane. Maji hayatakuwa kama ya jirani, alisema, lakini mguu atauona. Mwalimu alifikiri kidogo, akamtazama mzee wake aliyekuwa kwenye kiti kibarazani, akakubali.

Tulilifunga wiki iliyofuata, na mzee aliingia majini mbele yetu. Mwalimu alisema anaziona hata kucha. Alilia kidogo.

Lakini siku ile alipokiri, njiani kurudi, sikumsemesha. Nilitangulia na mfuko wangu, na mimi nikiwa na hasira natembea kweli. Niligeuka nikamkuta ameshika ukuta wa watu, ndipo nikarudi. Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka juzi. Nilimwambia amenifanya mjinga, kwamba nimekaa nafunga madirisha na kuchemsha majani wakati yeye anakufa mbele yangu, na mgeni ndiye aambiwe.

Alingoja nimalize.

"Ovaroli zangu miaka yote ulikuwa unazikung'uta wewe, pale mlangoni," alisema. "Ningekwambia, ungeanza kujisikiliza kifua."

Nilisimama naye pale ukutani, mkono wangu chini ya kwapa lake, nikavuta pumzi mpaka mwisho, nikasikiliza.