Mkono Begani kwa Baba Mkwe

Mama Avit ameishi kwa wakwe zake hapa Nshamba miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumpa baba mkwe wake mkono. Jina lake pia halitamki. Sisi tukisema mzee Ndyamukama, yeye husema "tata", yaani baba. Akimpelekea chakula anakiweka mezani, anarudi nyuma mpaka mlangoni, na hapo ndipo anapomkaribisha. Wanawake wengi wa rika letu waliacha mambo haya zamani. Siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga nao picha za harusi, wameegemeana. Mama Avit hakuacha, na mimi nilimcheka sana kwa hilo.

Mimi ni Maimuna, fundi cherehani. Akitoka sokoni hupitia kwenye kibaraza changu, anavua kandambili, tunapiga soga. Jina lake la ubatizo ni Consolata. Ni mwanamke wa kwaya, mpole kupita kiasi, na upole wake umeniudhi mara nyingi kuliko ukali wa wengine.

Ila simlaumu kwa kumheshimu yule mzee. Mume wake alipofariki, Avit akiwa darasa la tatu, mashemeji walitaka arudishwe kwao ili wagawane kibanja, shamba aliloacha. Mzee aliita kikao cha ukoo akasema mkamwana wake haondoki, na migomba ya marehemu ataipalilia yeye mjane. Akamsomesha na Avit. Mashemeji walinyamaza, lakini hawakusahau. Mpaka leo wanamchungulia Mama Avit wakisubiri akosee jambo moja tu. Sasa mtu aliyekukingia kifua namna hiyo, akikuomba kitu, utamwambia huwezi?

Mzee ni balozi wa nyumba kumi tangu ujana wake. Kwake siasa haijadiliwi, inatangazwa. Jioni anasikiliza taarifa ya habari, kisha anawaeleza watu wa nyumba yake nani ni kiongozi mzuri, na wao wanaitikia. Hivyo ndivyo walivyokua watoto wake wote, wakiwemo wenye digrii.

Avit naye alikua hivyo mpaka alipokwenda Bukoba mjini. Amepanga chumba Kashai, anaendesha bodaboda. Niliwahi kumtembelea kijiweni kwao nikapeleka sare nilizowashonea. Jamani, wale vijana wanabishana! Mmoja anamwambia mwenzake chama chako kimechoka, mwingine anamjibu mgombea wako hana hata shule, sauti zinafika barabara ya pili, halafu wanachangiana chai na maandazi. Hakuna anayenuna. Avit akaizoea hali hiyo, akaja nayo nyumbani.

Krismasi moja walikuwa wanakula, mzee akieleza barabara yetu ililetwa na nani. Avit akasema, "Babu, hiyo ni kodi yetu. Hakuna aliyetuhurumia." Mzee aliacha ndizi zikiwa nusu, akanawa mikono. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Walikuwa wanasemeshana kupitia kwa Mama Avit. Niliwashuhudia kwa macho yangu, wamekaa chumba kimoja, viti vinatazamana.

"Mwambie mwanao," mzee alisema, "kodi hulipwa na wenye mali, si na wenye pikipiki ya mkopo."

"Mama, mwambie babu hata chumvi ina kodi."

Na Mama Avit, amesimama mlangoni na sahani yake, anamgeukia huyu, anamgeukia yule, anarudia maneno ambayo wote wameshayasikia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Chama cha babu na mjukuu ni kile kile kimoja, hapo ndipo watu wa mbali huwa hawaelewi. Ugomvi ulikuwa wa kumpata mgombea. Wazee walimtaka Kamala, aliyekuwa mwenyekiti tangu Avit hajaota meno. Vijana walimtaka Mwesiga, mwenye kibanda cha kuchaji simu, aliyekuwa akiuliza waziwazi kwa nini mapato na matumizi hayasomwi. Tawi likaamua kwamba wanachama watapanga mistari uwanjani, kila mtu nyuma ya mtu wake, maana kura za karatasi ziliwahi kuleta maneno.

Mzee alimwambia mkamwana wake, "Najua utakaposimama." Avit naye alipiga simu kutoka Kashai. "Mama, nakuja na wenzangu wenye kadi za tawi la huko nyumbani. Ukisimama upande wa babu, Krismasi usinitarajie. Nimechoka kuja kunyamazishwa."

Mama Avit alikuja kwangu siku hiyo, akakaa bila kuvua kandambili.

"Wewe mwenyewe unamtaka nani?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimemuuliza jambo la aibu. "Waitu Maimuna, hilo nani amewahi kuniuliza?"

"Mimi nakuuliza."

"Mwesiga," alisema, polepole. "Lakini nikisimama kwa Mwesiga, mashemeji wamepata walichokitafuta. Tata atanikingia kifua tena kwa lipi? Na nikisimama kwa Kamala, nimempoteza mtoto. Nenda rudi, nenda rudi, sipati usingizi."

Nilimwambia abaki nyumbani, ajifanye anaumwa. Akasema kubaki nyumbani nako kutahesabiwa. Alikuwa amebanwa kweli.

Siku yenyewe nilifunga cherehani nikaenda uwanja wa shule kushangaa, maana mimi sina kadi ya chama chochote. Mistari ilikuwa miwili, mirefu, inayumbayumba. Katibu wa tawi, Saburi, aliona watu wanarukaruka kutoka huku kwenda kule, akatoa amri: kila mtu aweke mkono begani kwa aliye mbele yake, asiyeshika bega hahesabiwi. Watu wakashikana. Mzee Ndyamukama alikuwa wa mwisho upande wa Kamala. Alikaa nyuma kwa makusudi na fimbo yake, apate kuona nani anakuja.

Mama Avit alifika wa mwisho kabisa. Alikuwa amejificha jikoni, wifi yake akatumwa kumwita. Alipita katikati ya mistari macho chini, Avit akiwa upande wa pili anamtazama. Akaenda kwa Kamala. Avit akageuza uso.

Lakini hakufika. Alisimama nyuma ya baba mkwe wake umbali ule ule wa kutoka mezani hadi mlangoni.

"Mama, mkono begani," alisema Saburi.

Aliinua mkono, akaurudisha.

"Mama, hujafunga mstari. Shika bega au toka uwanjani."

Watu wakaanza kuelewa, na kicheko kikapita. Ungedhani mtu mmoja angetoka mbele ya mzee akaja kusimama katikati yao, mambo yakaisha. Nani? Ukitoka kwenye mstari hata hatua moja unazomewa kuwa umehama. Kutoka kwa vijana mmoja alipaza sauti, "Mama, njoo huku, huku hakuna mkwe!" Wakacheka zaidi.

Mzee hakugeuka. Alisema tu, "Sogea."

Hasira ilinipanda. Miaka yote hiyo amemwacha mlangoni na sahani, leo kura inapungua ndipo anamwita karibu! Nilitaka kupiga kelele. Mama Avit alikuwa analia bila sauti, mkono wake uko nusu hewani, na shemeji zake wamemkodolea macho. Hakuweza kusogea wala kuondoka.

Hapo Avit akatoka kwenye mstari wake.

"Avit! Unakwenda wapi wewe?" Mwesiga alimwita. Avit alivuka uwanja akizomewa na wenzake aliowaleta kwa pikipiki yake mwenyewe, akaingia katika lile pengo, akaweka mkono begani kwa babu yake. Kisha akageuza kichwa.

"Mama, shika hapa."

Mama Avit akashika bega la mwanawe. Saburi akahesabu. Kamala alishinda kwa kura moja, na hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Avit asingevuka, Mwesiga angekuwa mgombea wa chama.

Avit hakula chakula siku ile. Aliwasha pikipiki akarudi Kashai.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha vizuri, na nilipomwona Mama Avit baadaye nikamwambia hivyo hivyo. Nilimwambia, mshukuru Mungu, nyumba unayo na mtoto unaye, Krismasi atakuja. Akasema Avit ameshakuja, Jumapili iliyopita. Wenzake wamemtoa kwenye kundi lao la simu, na kijiweni wanamwita Mzee wa Chama. Siku hizi wakianza kubishana yeye anavaa kofia yake anatafuta abiria.

"Na tata?" niliuliza.

"Tata amefurahi. Anasema mtoto amepata akili, anataka kumwandikia kibanja. Walikula pamoja, tata akaeleza habari za uchaguzi kuanzia supu mpaka chai. Wanaongea wenyewe sasa, mimi sitafsiri tena."

"Si ndilo ulilokuwa unaliomba?"

Alivuta kandambili zake akazivaa, ingawa hakuwa anataka kuondoka.

"Maimuna, hukumsikia anavyomjibu. Kila anachosema tata, 'Ndiyo, babu.' Macho chini. Nilisimama pale mlangoni nikamwona ni mimi kabisa." Alifuta uso kwa kitenge. "Miaka yote nimebanwa nilikuwa na faraja moja. Nilikuwa najua mwanangu yuko nje."