Mashine Iliyopanda na Kushuka

Kisa hiki nakisimulia mwenyewe kabla majirani hawajakitia chumvi.

Mimi ni seremala wa Maguu. Nilishuka Mbamba Bay kwa Mzee Komba, fundi mwenzangu, kuchagua mashine ya kulainishia mikono ya viti iliyopinda. Unaikanyaga kwa mguu kama cherehani, na mhimili wake uliovikwa msasa unazunguka. Alikuwa nazo mbili, nikachagua nyekundu.

“Nikuoneshe inavyofanya kazi?” akauliza.

“Mzee, mimi ni fundi,” nikamjibu.

Nyumbani nilipokanyaga, mhimili ulizunguka huku ukipanda na kushuka. Nikajua nimeuziwa kitu kibovu. Nikaukaza kwa kabari ya chuma, ukatulia. Lakini msasa ukachakaa mahali pamoja, ukachora mifuo kwenye mkono wa kiti nilichokuwa nikimtengenezea padri. Nilipandwa na hasira! Nikapakia mashine na kiti kwenye lori, nikashuka tena Mbamba Bay, nikamkuta Mzee Komba sokoni.

“Huyu mzee ni tapeli!” nikapiga kelele, watu wakajaa.

Aliinama, akaichomoa kabari. “Nani kaiweka hii?”

“Mimi.”

“Mwanangu, mhimili unapanda na kushuka makusudi, ili msasa wote ufanye kazi na mti usichorwe.”

Soko zima likaangua kicheko. Sikuomba radhi, wala sikukimbia. Niliketi palepale, nikakanyaga, nikausugua mkono wa kile kiti mpaka mifuo yote ikafutika. Kisha nikasimama na kuwaambia, “Mnaona? Nilichagua mashine nzuri.”