Kijiko Kabla ya Gunia

Mwanamke aliyejulikana mtaani kwa jina la Bibi Mito alikuwa fundi wa mito na magodoro ya sufi kwa miaka thelathini na minane, na katika muda huo wote hapana mteja aliyewahi kurudisha kazi yake. Alifanyia kazi katika chumba kilekile alimolala: kitanda ukutani, cherehani dirishani, na magunia ya sufi yamepangwa hadi darini. Kila alipofungua gunia, nyuzi nyepesi zilipanda hewani, kisha zikatua juu ya chandarua, juu ya sufuria na katika nywele za watu. Yeye mwenyewe hakupiga chafya hata siku moja.

Mjukuu wake wa kike aliletwa akiwa na umri wa miaka minne, baada ya kufiwa na mama. Baba yake, mwana wa Bibi Mito, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, asiyemaliza siku mbili nyumbani. Wiki ya kwanza tu mtoto alianza kupiga chafya mfululizo, kope zikamvimba, akawa anajikuna macho mpaka yanakuwa mekundu. Mwuza dawa akampa Bibi chupa ya dawa ya mzio, ya maji, tamu.

"Kijiko kimoja wakati wa kulala, kwa siku tano," alimwambia. "Ikipita hapo, mpeleke kwa tabibu."

Siku tano zikapita. Lilipofunguliwa gunia jingine, chafya zikarudi. Hapo ndipo Bibi alipofanya kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya. Katika kazi yake kila jambo lilikuwa na tayarisho lake: kabla ya kukata, chaki; kabla ya kushona, mafuta ya cherehani. Dawa nayo akaiingiza katika utaratibu huo. Kabla ya gunia, kijiko. Kazi zilipozidi alifungua gunia asubuhi na jioni, na chupa ilipokwisha alinunua nyingine katika duka lolote lililokuwa karibu. Mambo yakaenda hivyo miaka mitatu.

Mtoto akatulia. Alikaa mkekani, ameegemea gunia, mikono mapajani, na wateja wakamsifu.

"Bibi, huyu mjukuu wako umemshonea mkekani nini?" mmoja alitania. "Wangu mimi sasa hivi wangekuwa wameshaipanda hiyo cherehani!"

"Ni damu hiyo," Bibi alijibu kwa majivuno. "Kwetu sisi hatuna makelele."

Mtoto alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu alimwita Bibi shuleni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Amevunja nini?"

"Angevunja kitu ningefurahi. Analala, Bibi. Nikifundisha analala, wenzake wakiimba analala. Juzi kalala amesimama kwenye mstari. Wanamwita Gogo. Herufi hazishiki. Mpeleke akapimwe, maana nikimwacha hivi atarudia darasa."

Bibi hakuwahi kuaibishwa namna ile. Walipofika nyumbani alimchapa mtoto kwa utepe wake wa kupimia, mara mbili, miguuni. Mtoto hakulia sana. Aliomba maji, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mkavu kila wakati.

Kesho yake walikwenda kwa tabibu.

"Anatumia dawa gani, mama?"

"Hatumii dawa. Ni sharubati ya chafya tu."

Tabibu aliomba aione. Aliisoma karatasi ya chupa, akauliza ni mara ngapi kwa siku, na kwa muda gani. Bibi alipomweleza yote, pamoja na magunia ya chumbani, tabibu aliweka kalamu chini.

"Dawa hii si sumu, mama, lakini ni ya aina ya zamani. Humlevya mtoto usingizi, humkausha mdomo, humwondolea umakini. Wapo wengine huwageuza kinyume, wakahangaika bila kutulia. Huyu wako si mzito wa akili. Amelewa usingizi."

"Miaka mitatu?"

Tabibu alichukua tena kalamu. "Nitakuandikia nyingine isiyolaza sana. Lakini hakuna dawa itakayokishinda chumba kile. Ama sufi itoke, ama mtoto."

Siku hiyohiyo Bibi alimpeleka mjukuu kwa binti yake, shangazi wa mtoto, upande wa pili wa mji. Kisha akarudi kuitoa sufi. Aligawa magunia yote kwa mafundi wenzake, akatupa godoro lake mwenyewe, akasugua kuta kwa sabuni, akapaka chokaa. Kwenye cherehani alibakiza kazi ya kushona foronya tu. Baada ya wiki sita alioga, akavaa nguo isiyowahi kuingia chumbani mle, akaenda kumchukua mjukuu wake.

Kabla hajabisha hodi alisikia uani sauti ya msichana akigombana: "Mwongo wewe! Umekanyaga mstari, nimekuona! Toka, zamu yangu!"

"Mtoto wa nani huyo mwenye domo namna hiyo?" alimwuliza bintiye.

"Mama, si ndiye wako?"

Mtoto alikuja mbio, akaamkia, akasema mambo kumi kwa pumzi moja. Akamsomea Bibi maandishi ya kiberiti, neno kwa neno, kisha ya pakiti ya chumvi. Halafu akaiweka pakiti chini.

"Bibi, umekuja kunichukua?"

"Nimekuja, mjukuu wangu. Chumba ni cheupe. Sufi haipo hata uzi mmoja."

"Nitalala tena?"

"Hutalala."

"Kweli, Bibi?"

"Kweli."

Mtoto aliangalia mlango wa uani, kisha akamwangalia Bibi, akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Hata kidogo?"

Bibi Mito alielewa kwamba angeweza kuapa mpaka jua litue, na mtoto asingeamini. Tena alielewa kwamba yule mtoto mtulivu, ambaye yeye alikuwa amekuja kumchukua, hakuwahi kuwapo.

"Nimekuja kuwasalimu tu," alimwambia bintiye, akasimama.

Mtoto alimsindikiza hadi kona ya barabara, akisimulia habari za shule mpya bila kituo. Bibi alipunguza mwendo, kisha akapunguza tena, ili asikie zaidi.