Wimbo wa Baba Mtumbwini

Jumamosi, kwenye ziwa la hapa Fittja, Uswidi, mwongoza kayaki, Msami, mwenyeji asilia wa kaskazini, aliombwa na watalii wenzangu atuimbie wimbo wa kwao. "Nyimbo zetu si maonyesho," alijibu, na watu wakaheshimu jibu lake. Mimi nilichemka kwa hasira, si kwake, bali kwa sababu nilimkumbuka baba, ambaye hakuweza kukataa.

Nilipokuwa mtoto kwetu Kenya, mchana mmoja ziwani Baringo kulinuka matope na mafuta ya wazungu ya kujikinga jua. Tajiri mwenye mitumbwi, aliyemwajiri baba kuwapigia watalii makasia, alimfokea: "Wee, waimbie wageni kitu cha kienyeji!" Baba, mtumbwini, aliweka kafi magotini, akaimba polepole. Wageni walishangilia. Nami ufukweni nilipiga makofi, nikidhani amefurahi.

Mama alinishika mikono. "Acha, mwanangu. Huo ni wimbo wa msiba."

Baba alikuwa akimlilia mdogo wake, aliyeliwa na mamba ziwa lilelile.

"Safi sana!" tajiri alimwambia. "Kesho uimbe huohuo."