Mashine Iliyomwamkia Shangazi

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na heshima kuliko bwana harusi. Wenzangu mliokulia Kilwa Masoko miaka ile soko huria lilipotufikia, bila shaka mnakikumbuka kile chumba nyuma ya maduka kilichoandikwa "Mafunzo ya Kompyuta" kwa rangi ya mafuta. Viatu tulivua mlangoni. Mashine yenyewe, moja tu, ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kile kile tulichofunikia redio majumbani, na mwalimu alikifunua polepole huku sisi wanafunzi kumi na wawili tumenyamaza kama tuko hitimani. Kila mmoja alipewa dakika tano za kugusa.

Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya wiki tatu nilijua kuiwasha, kuandika jina langu na kuizima. Kwa elimu hiyo kubwa nikaanza kutembea mjini na disketi kwenye mfuko wa shati la shule, nimeiacha ichungulie makusudi. Haikuwa na kitu ndani. Mwalimu alituonya tusiisogeze karibu na sumaku, basi nikawa nalizunguka duka la vipuri vya baiskeli, nikidhani chuma chote ni sumaku. Vijana wa leo wana kompyuta mfukoni, na kazi wanayoipa ni kupiga picha sahani ya chipsi. Lakini nani mimi wa kuwacheka?

Ada ya mafunzo alinilipia Shangazi Zuhura, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa mpiga taipu. Alianzia chama cha ushirika, na kilipokufa akachukuliwa na Bwana Nazir, mfanyabiashara aliyenunua ufuta na korosho kutoka Kikole na vijiji vingine vya ndani. Nikitoka shule nilipitia ofisini kwake. Taipu yake niliisikia tangu barabarani, na ndani kulinukia magunia na ufuta mpya. Alinikatia kipande cha mkate wa kumimina bila kuacha kuandika, maana mkono mmoja ulimtosha.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho. Kufikia mwaka ule aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Kazi haikusimama: alisomewa, akaandika, na karani akaipitia barua kabla haijatoka. Kisha Bwana Nazir akanunua kompyuta.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa adabu, nami nimesimama pale na mkate mdomoni: "Bi Zuhura, kuandika najua utaandika. Lakini hii kila asubuhi inataka jina na neno la siri, na mimi sina mtu wa kukufungulia. Mpaka Jumamosi. Ukiifungua mwenyewe, kiti chako."

Jioni ile Shangazi alikula matonge mawili akanawa. "Wakinirudisha nyumbani," alisema, "nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni."

Nikamwambia asijali, mtaalamu yupo. Mtaalamu ni mimi.

Kwa idhini ya Bwana Nazir, Jumatatu nilikwenda nikayakuza maandishi ya ule ukurasa wa kuingilia mpaka neno moja likajaza kioo, nikaweka rangi ya njano juu ya nyeusi. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yangu kwa fahari. Shangazi akaniuliza kama nimeshaiwasha.

Jumanne nikaja na mbinu ya pili. Nilibandika punje za mchele kwa gundi juu ya vitufe, moja moja, saa nzima, ili azipapase ajue herufi iko wapi. Hayo nayafanya kwa mwanamke aliyeandika miaka ishirini bila kutazama vidole vyake. Hakunikemea. Na asubuhi yake tukakuta panya wa ghalani wamekula mchele wote, na kitufe kimoja wamekitafuna pembeni. Bwana Nazir alikitazama kitufe, akanitazama mimi, akaenda zake kunywa chai.

Ndipo nilipofanya jambo la kwanza la akili wiki ile. Nilimuuliza kinachomshinda ni nini.

"Herufi zote nazijua," alisema. "Lakini napiga hodi nyumba haiitiki. Sijui wenyewe wamesikia, sijui wamelala, sijui nimekosea nyumba. Mtu utaingiaje?"

Tukakaa tukaisikiliza, mimi nimefumba macho. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mashine ikiwashwa inakoroma, na ikinyamaza ndipo ukurasa wa jina umetokea. Mimi na disketi yangu sikuwahi hata kusikia kwamba inakoroma. Ukikosea neno la siri inapiga mlio mkali. Kilichokosekana ni jibu la kukubaliwa. Mashine ilikuja na vipaza sauti viwili vidogo, basi nikaazima maikrofoni kule kwenye mafunzo ili nirekodi neno "karibu", lisikike mlango ukifunguka.

Nilirekodi kama watangazaji wa redio mpya za Dar, tuliokuwa tukiwaiga mpaka tunakaukwa koo: "Kariiibu saaana!" Shangazi akashtuka. "Nani huyo kavamia ofisi? Hebu sema kama mtu wa hapa." Nikarudia kwa sauti yangu. Bado akakunja uso. "Tangu lini mtoto akamkaribisha shangazi yake bila kumwamkia? Hiyo mashine kama haina adabu, wewe unayo."

Jumla nilirekodi mara kumi na moja.

Jumamosi ikafika. Bwana Nazir alisimama na karani, wapakiaji wa magunia wamejaa dirishani. Shangazi akawasha, akainamisha kichwa. Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Ukalia ule mlio mkali.

Nikakumbuka hapo hapo. Nilipokuwa najaribu jana yake nilikifunga kitufe cha herufi kubwa, sikukifungua. Wiki nzima ya utaalamu, na mtu wa kumfukuzisha kazi Shangazi nikawa mimi. Nilifungua mdomo niseme. Yeye alikuwa ameshapeleka kidole kushoto, mahali pale pale kitufe hicho kilipokuwa kwenye taipu yake.

"Mwanaidi," alisema bila kugeuka, "umeacha herufi kubwa." Akaandika tena.

"Shikamoo shangazi. Karibu," ikasema mashine, kwa sauti yangu inayotetemeka.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti, kama anamjibu mtu aliyesimama mlangoni. Wapakiaji walicheka. Yeye hakucheka. Akaizima, akaifungua mara ya pili na ya tatu, na kila mara aliitikia.

"Basi, Bi Zuhura," alisema Bwana Nazir. "Jumatatu saa mbili." Nilitoka nje nikalia nyuma ya magunia.

Sauti ile hakuna aliyejua kuiondoa, mimi mtaalamu nikiwemo. Kwa hiyo Bwana Nazir, na masharubu yake, aliamkiwa "shangazi" kila alipofungua hesabu zake, na karani aliapa kwamba mwishowe bosi wake naye aliitikia.

Shangazi alifanya kazi pale mpaka siku alipoamua mwenyewe kupumzika. Sasa ametangulia mbele ya haki. Siku hizi simu zinawasomea wasioona kila kitu, na ni jambo jema, ingawa zinasoma kwa sauti ya mtu asiye ndugu wa yeyote. Mimi navaa miwani. Kompyuta inanitaka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu kwa kuchagua picha zenye madaraja, nakosea mara mbili, na binti yangu ananinyang'anya akisema, "Mama, wewe nawe!"

Mashine ile iliuzwa chuma chakavu na sauti yangu ndani yake, wala sijali. Kinachoniuma ni kwamba maikrofoni nilikuwa nayo siku zote zile, nikajirekodi mara kumi na moja, na sikufikiria hata mara moja kumgeuzia Shangazi.